Jinsi ya Kulijua Salio Lako la Pointi na Takrima Kasino

Maswali ya wanaoanza kutumia kadi ya uanachama kasino hayabadiliki. Mbona pointi zangu hazilingani na muda niliokaa? Mbona rafiki yangu kapewa chumba bure na mimi nimeambulia kinywaji, na tulicheza pamoja? Nikiuliza salio langu la takrima, mbona dawati linanijibu kwamba hilo haliwezi kutajwa? Nimechoka kuyajibu moja moja, kwa hiyo majibu yote nayaweka hapa kwa mpangilio wa hatua.

Takrima ninayoizungumzia ni kile ambacho kasino inakupa bila kukutoza: chumba, mlo, tiketi ya onyesho, usafiri, au kufutiwa sehemu ya bili unapoondoka. Pointi ni zile zinazojilimbikiza kwenye kadi kadiri unavyobeti.

Nadharia nitakayokupa ni hii tu: kasino haina salio moja lenye jina lako. Yako manne, na kila moja lina uwazi wake.

Salio la pointi liko wazi. Unaliona kwenye skrini ya mashine ya sloti, kwenye mashine ya kujihudumia ukumbini, kwenye programu ya simu, na dawatini.

Pointi za daraja nazo ziko wazi, ila hazinunui kitu. Kazi yake ni kukupandisha ngazi. Kwenye Caesars Rewards, mpango wa uanachama wa kasino za Caesars za Marekani, kwa mfano, pointi za daraja 5,000 kwa mwaka hukupeleka Platinum na 15,000 hukupeleka Diamond. Wageni wengi huona tarakimu hii kubwa wakadhani ni pesa.

Bonasi ya kuchezea ni salio unalopakiwa ili ubeti bila kutoa pesa yako. Kiasi huonyeshwa, lakini tarehe ya mwisho mara nyingi imejificha ndani ya barua au kwenye ukurasa wa ofa.

Takrima ya hiari ndiyo iliyofungiwa kabatini. Inakaa kwenye kompyuta ya mfanyakazi, inatokana na makadirio ya kasino kuhusu kiasi unachotarajiwa kupoteza, na mara nyingi hakuna skrini ya mteja inayoionyesha. Kasino hapa ni kama muuza duka anayekupa risiti bila kuombwa, lakini daftari lake analifunga ukisogea karibu.

Sehemu kubwa ya mwongozo huu ni kuhusu hilo daftari.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Kadi ya uanachama yenye jina lako mwenyewe, pamoja na namba ya siri.
- Kitambulisho halali. Dawati halikutajii salio bila hicho, na wako sahihi.
- Programu ya simu au akaunti ya tovuti ya kasino hiyo, tayari umeshaingia. Usingoje kuitafuta ukiwa ukumbini.
- Daftari dogo au sehemu ya kuandikia kwenye simu.
- Kanuni za uanachama, toleo linalotumika sasa. Zinapatikana kwenye tovuti yao.
- Kikomo cha pesa ulichokiweka ukiwa nyumbani. Kama huna hiki, mengine yote hayana faida, maana hakuna takrima inayofidia pesa ambayo hukupanga kuipoteza.

## Hatua

1. Soma kanuni, lakini vifungu vitano tu.

Hakuna anayesoma kurasa zote, na huhitaji. Tafuta: pointi moja inapatikana kwa dau la kiasi gani, pointi moja ina thamani gani ukiitumia, pointi zinakufa lini, michezo ipi haihesabiwi au inahesabiwa kwa nusu, na kifungu kinachoipa kasino haki ya kubadilisha au kufuta vyote hivyo. Hicho cha mwisho utakikuta karibu kila mahali. Kinamaanisha kwamba pointi zako, kwa macho ya mwanasheria wao, ni fadhila wala si deni.

Kisha piga hesabu ya thamani halisi. Chukua utaratibu ambao Caesars Rewards wameutumia kwa miaka mingi: dau la dola 5 kwenye sloti hutoa pointi moja, video poka (poka ya kucheza kwenye mashine) inahitaji dola 10 kwa pointi moja, na pointi 100 ni dola 1 ya chakula au chumba. Ili upate dola 1 lazima uzungushe dola 500 kwenye sloti, au dola 1,000 kwenye video poka. Kwa sloti hiyo ni asilimia 0.2. Ikiwa mashine inabakiza asilimia 8 ya kila dau, umetarajiwa kupoteza dola 40 ili upate dola moja.

Iandike hesabu hiyo kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari lako. Ukishikwa na tamaa ya kuongeza raundi chache "ili pointi zitimie", ifungue.

Kuhusu kufa kwa pointi: mipango mingi huzifuta baada ya miezi kadhaa bila shughuli yoyote, na miezi sita ni muda wa kawaida. Pointi za daraja zina kalenda nyingine kabisa, kwa kawaida mwaka mzima wa kuanzia Januari hadi Desemba, kisha zinarudi sifuri.

2. Piga picha salio lako kabla ya dau la kwanza.

Fungua programu ya simu, piga picha ya skrini inayoonyesha pointi, pointi za daraja na bonasi. Hakikisha tarehe na saa vinaonekana. Kazi ya sekunde chache, na ndiyo itakayokuokoa kwenye ubishi wowote baadaye. Mtu anayefika dawatini akisema "nadhani nilikuwa na kama elfu mbili hivi" hana kesi.

3. Kwenye sloti, hakikisha mashine imekutambua.

Kuchomeka kadi hakutoshi. Subiri jina lako au salio litokee kwenye skrini ndogo. Taa inayozunguka tundu la kadi hubadilika rangi kadi ikisomwa vizuri. Rangi yenyewe inategemea mfumo, hivyo angalia mashine jirani ambayo mtu anaichezea na kadi yake inafanya kazi.

Mashine nyingi zinahesabu kurudi nyuma kuelekea pointi inayofuata. Ukichomoa kadi kabla hesabu haijafika sifuri, kwenye baadhi ya mifumo kile kipande kilichobaki kinahifadhiwa, kwenye mingine kinapotea. Muulize mhudumu. Lakini usiendelee kubeti kwa sababu ya kipande cha pointi.

*Tahadhari:* usimpe mwenzako kadi yako acheze nayo, na wewe usitumie ya mtu mwingine. Wengi hufanya hivyo kwa nia njema ya kukusanya pamoja. Mipango karibu yote inakataza, na kasino ikigundua inaweza kufuta salio zima. Wanandoa wakitaka kuchangia, waombe dawati liunganishe akaunti zao. Baadhi ya kasino zinaruhusu, na kila mmoja anabaki na kadi yake.

4. Mezani, toa kadi kabla ya kuweka dau, kisha uliza umeandikwa nini.

Kwenye sloti kompyuta inahesabu kila dau. Mezani, kwenye kasino nyingi, bado kuna binadamu. Msimamizi wa meza anaichukua kadi yako, anaandika saa uliyokaa, anakutupia jicho mara chache, anakadiria wastani wa dau lako, na ukiondoka anafunga muda. Makadirio hayo ndiyo yanayozaa takrima. Na yeye anaangalia meza kadhaa kwa pamoja.

Kwa hiyo:

Weka kadi mezani pamoja na pesa ya kununulia chipu, usingoje. Dakika ulizocheza kabla ya kadi kuingizwa kwa kawaida hazirudi.

Dau la kwanza lina uzito kuliko unavyodhani, kwa sababu wasimamizi wengi huandika wanachokiona mwanzoni kisha wanarekebisha baadaye, wakikumbuka. Sikushauri upandishe dau ili uonekane. Nakushauri tu usianze na dau dogo la kujaribu ikiwa dau lako la kawaida ni kubwa zaidi.

Ukitaka kwenda msalani au kula, mwambie msimamizi. Kuna wanaokufungia muda mara unapoinuka, kuna wanaokuacha wazi.

Unapoondoka, muulize kwa upole: "Bosi, wastani wangu umeandika ngapi?" Swali hilo ni la kawaida kabisa, na wengi watakujibu papo hapo. Ukisikia 15 wakati umekuwa ukiweka 25 usiku kucha, huo ndio wakati wa kusema, wakati mgawa karata bado yupo na kumbukumbu ni mbichi. Kesho yake hakuna atakayekubadilishia.

5. Tengeneza daftari lako la hasara tarajiwa.

Hapa ndipo wengi wanapokimbia, na ndipo penye faida yote. Takrima ya hiari haitokani na pesa uliyopoteza kweli. Inatokana na hasara tarajiwa, nayo inapatikana hivi:

wastani wa dau × idadi ya mikono (yaani raundi za mchezo) kwa saa × saa ulizocheza × asilimia ya faida ya kasino

Tuseme umecheza blackjack, ule mchezo wa karata wa kufikia 21, kwa saa 4, wastani wa dau dola 25, mikono 60 kwa saa, na kasino inakuhesabia faida ya asilimia 2. Ni 25 × 60 × 4, yaani dola 6,000 zilizozungushwa. Asilimia 2 yake ni dola 120. Kasino hurudisha sehemu ya hiyo kama takrima, na kiwango kinachotajwa mara kwa mara ni kati ya asilimia 20 na 40. Ukichukua 30, unapata dola 36.

Sasa mchukue msimamizi aliyekuandikia dola 15 na saa 3. Ni 15 × 60 × 3, dola 2,700. Asilimia 2 yake ni dola 54. Takrima ni dola 16 na senti kidogo. Mchezo ule ule, meza ile ile, chini ya nusu ya takrima. Tofauti yote imetoka kwenye kalamu ya mtu mmoja. Ndiyo maana rafiki yako alipata chumba.

Faida ya kasino unayoitumia itegemee mchezo. Ruleti yenye sifuri moja ni asilimia 2.70, yenye sifuri mbili ni 5.26. Bakarati ni 1.06 ukibetia benki na 1.24 ukibetia mchezaji. Blackjack yenye kanuni nzuri, kwa mtu anayecheza bila makosa, inaweza kushuka hadi karibu nusu asilimia, lakini kasino nyingi huweka namba kubwa zaidi kwenye mfumo kwa sababu zinajua wachezaji wengi wanakosea. Usibishane nao juu ya hilo, linakusaidia.

Na kasi ya mikono? Mfumo mara nyingi una namba moja ya kudumu. Ukiwa peke yako mezani unaweza kufikia mikono 200 kwa saa huku ukiandikiwa 60 au 70. Meza iliyojaa, yenye wazee wanaofikiria kila karata, inakuandikia zile zile 60 huku ukiwa umehatarisha pesa kidogo. Mimi hukaa meza iliyojaa siku zote, na hata bila takrima ingekuwa burudani zaidi.

Kwa sloti hesabu ni fupi. Usihesabu pesa uliyoingiza. Hesabu jumla ya dau. Dola 1 kwa mzunguko, mizunguko 500 kwa saa, saa 2: umebeti dola 1,000 hata kama mfukoni ulitoa 100 tu. Mashine ikibakiza asilimia 8, hasara tarajiwa ni dola 80. Asilimia kamili ya mashine yako hutaijua, kwa hiyo chukulia namba hii kama kipimo cha kukisia tu.

Andika kila kikao mstari mmoja: tarehe, mchezo, saa ulizokaa, wastani wa dau, hasara tarajiwa, na hasara au faida ya kweli. Hiyo safu ya mwisho usiiruke, hata siku inauma.

6. Linganisha salio la wazi baada ya siku moja au mbili.

Pointi za kawaida za sloti huingia mara moja au ukishachomoa kadi. Za mezani huchelewa mpaka msimamizi afunge rekodi. Pointi za siku maalumu, zile za "mara tano", zinaweza kuchukua siku kadhaa na kuingia kama mstari wa pekee. Kabla hujalalamika, hakikisha pia hukubeti kwa bonasi: dau linalotokana na bonasi kwa kawaida halizai pointi.

Pointi zikipungua kwa asilimia ndogo, achana nazo. Zikikosekana za kikao kizima, nenda dawatini na daftari lako na zile picha.

7. Uliza takrima kwa mtu sahihi, kwa swali sahihi, kwa wakati sahihi.

Mtu sahihi ni afisa wa wateja, yule ambaye kazi yake ni kuwatunza wachezaji wanaorudi. Dawati la wanachama linaona pointi na pengine kiasi fulani cha takrima, lakini mamlaka ya kufuta bili mara nyingi hawana. Msimamizi wa meza ana uwezo mdogo: mlo, pengine zaidi kama mchezo wako ni mkubwa. Afisa anaona kila kitu, pamoja na wastani wako wa siku, yaani hasara tarajiwa yako kwa siku.

Kama hujapangiwa afisa, omba. Nenda dawatini useme: "Ningependa kuongea na afisa wa wateja kuhusu mchezo wangu wa safari hii." Wakikataa ujue bado uko chini ya kiwango chao, na hilo nalo ni taarifa.

Swali sahihi si "salio langu la takrima ni kiasi gani?" Hapo umemlazimisha akujibu kwa sera, na sera mara nyingi ni kutotaja. Sema: "Kwa mchezo niliocheza mpaka sasa, kuna kitu unaweza kuondoa kwenye bili yangu ya chumba?" Sasa umempa kazi anayoiweza. Jibu lake litakuwa kiasi, na kiasi hicho ndicho salio lako, hata kama hakuna aliyeliita hivyo.

Akikuambia bado kidogo, uliza: "Wastani wangu wa siku uko wapi ukilinganisha na unaotakiwa kwa chumba?" Maafisa wengi watakupa mwelekeo, wachache watakupa namba. Ukipata namba, iandike na uilinganishe na daftari lako. Ikiwa yako ni 120 na yake ni 54, unajua tatizo liko kwenye hatua ya 4.

Wakati sahihi ni kabla ya kulipa bili. Chakula na vinywaji vyote viandikishe kwenye chumba, kisha mtafute afisa saa chache kabla ya kuondoka, au usiku wa kuamkia siku ya kuondoka. Ulicholipa taslimu hakirudi. Usimfuate akiwa amezungukwa na watu Jumamosi usiku pia. Ujumbe mfupi wa asubuhi hufanya kazi vizuri zaidi.

*Tahadhari kuhusu siku:* ofa za baadaye hutegemea wastani wa hasara tarajiwa kwa siku, na siku ya kasino mara nyingi haiishi usiku wa manane. Inaweza kuishia alfajiri, saa tisa, saa kumi au baadaye, kila kasino na yake. Ukicheza siku mbili kwa hasara tarajiwa ya dola 120 kila siku, kisha asubuhi ya kuondoka ukachomeka kadi kwa dakika tano ukiwa unasubiri gari, umeongeza siku ya tatu yenye dola 2. Wastani umeshuka kutoka 120 hadi karibu 81. Kosa hili dogo limeharibu ofa nyingi za watu wasiojua, na hakuna mfanyakazi atakayekuonya. Kama ni kusubiri gari, subiri gari.

8. Omba rekodi zako kwa maandishi.

Kuna rekodi mbili za kuomba.

Ya kwanza ni taarifa ya mwaka ya ushindi na hasara. Kasino nyingi, hasa za Marekani ambako wachezaji wanaihitaji wakati wa kodi, huitoa bure kupitia dawati la wanachama au mtandaoni. Haitaji takrima, lakini inaonyesha kile ambacho kadi yako imerekodi. Juu yake utakuta onyo kwamba ni makadirio. Lichukulie kwa uzito, hususan kwa michezo ya mezani.

Ya pili ni nzito zaidi: ombi la kupewa nakala ya taarifa zako binafsi. Umoja wa Ulaya una sheria ya ulinzi wa data, GDPR, iliyoanza kutumika Mei 2018, na kifungu chake cha 15 kinakupa haki ya kupata nakala ya taarifa zako. Jibu linatakiwa ndani ya mwezi mmoja, unaoweza kuongezwa kwa mambo yenye utata. California ina sheria yake, CCPA, tangu Januari 2020, na muda wa jibu ni siku 45. Nchi nyingine nyingi zina sheria za aina hiyo.

Barua iwe fupi: jina, namba ya uanachama, kipindi unachotaka, na sentensi moja inayotaja unachotafuta: historia ya vikao, wastani wa dau uliorekodiwa, pointi zilizoingia na kutoka, takrima zilizotolewa, na maelezo yaliyoandikwa kuhusu akaunti yako. Usiseme "kila kitu", utapewa rundo la namba za simu na anwani zako za zamani. Fomula yenyewe ya kukokotoa takrima wanaweza kukataa kuitoa kwa hoja ya siri ya biashara, na kumbukumbu zinazohusu uchunguzi wa utakatishaji fedha hawatakupa. Vikao vyako na wastani wako ni taarifa zako, na hizo ndizo ulizokuwa unazitafuta.

Hatua hii usiitumie kwa ugomvi mdogo. Afisa wako atajua umeandika, na uhusiano unaweza kupoa. Ni ya mtu mwenye historia ndefu au mwenye shaka ya kweli.

## Na kasino za mtandaoni?

Huko salio linaonekana zaidi, kwa sababu kila dau ni la kompyuta na hakuna msimamizi wa kukadiria. Kilichofichwa ni masharti. Bonasi ya dola 20 yenye sharti la kubetiwa mara 30 inakudai dau la dola 600 kabla hujatoa senti. Tafuta sehemu ya akaunti inayotenganisha pesa unayoweza kutoa na ile iliyofungwa, na usiamini tarakimu kubwa ya juu mpaka umeiona hiyo. Uingereza imekaza kanuni za mipango ya wateja wakubwa tangu Oktoba 2020, hivyo kampuni yenye leseni ya huko itakuuliza kuhusu uwezo wako wa kifedha kabla ya kukuweka daraja la juu. Isikushangaze.

## Mambo yakikwama

Pointi za kikao kizima hazipo. Chanzo cha kawaida ni kadi kutosomwa au kadi ya mtu aliyetangulia kubaki kwenye mashine. Mpe mhudumu namba ya mashine, saa uliyoanza na uliyomaliza. Mfumo unahifadhi dau la kila mashine kwa muda, kwa hiyo wanaweza kuthibitisha wakitaka. Nenda siku hiyo hiyo.

Programu ya simu na dawati vinatofautiana. Amini dawati. Programu nyingi husasishwa kwa kuchelewa. Baada ya siku tatu tofauti ikibaki, omba uchapishiwe historia ya miamala na uichunguze mstari kwa mstari, hasa mistari yenye neno la marekebisho.

Ofa zimekauka ghafla. Kabla ya kuwaza mabaya, angalia mambo mawili: kama ulikuwa na safari yenye siku fupi fupi kama nilivyoeleza kwenye hatua ya 7, na kama ulishinda bila kucheza muda mrefu. Ushindi wenyewe haukupunguzii, lakini muda mfupi unakupunguzia. Kuna pia wanaokatiwa ofa kwa sababu kasino inawaona wanacheza vizuri mno. Hapo afisa atakuambia kwa maneno ya kuzunguka, na hakuna rufaa ya maana.

Afisa aliahidi, sasa ameondoka kazini. Ahadi ya mdomo imeondoka naye. Ndiyo maana kila makubaliano yafuatishie ujumbe: "Asante kwa kuthibitisha usiku mbili na mlo wa dola 50." Akijibu hata kwa neno moja, aliyechukua nafasi yake ana cha kusoma.

Pointi zimekufa wiki iliyopita. Omba zirudishwe, kwa adabu, ukieleza lini utarudi. Mwanachama mwenye historia hukubaliwa mara nyingi kuliko inavyodhaniwa, hasa muda ukiwa mfupi. Baada ya miezi kadhaa, sahau.

Unataka kujifungia usiingie kasino. Katika maeneo mengi kujiandikisha kwenye orodha ya kujizuia kunafuta uanachama na pointi zilizobaki. Jiandikishe hata hivyo, leo, bila kurudi ukumbini kuzimaliza. Thamani yake umeshaihesabu kwenye hatua ya kwanza.

Kasino imekataa na unaamini wamekosea. Panda ngazi ndani kwanza: msimamizi wa dawati, kisha meneja wa uanachama, kwa maandishi, ukiambatanisha picha na daftari. Nje ya hapo ni mamlaka ya michezo ya kubahatisha ya eneo hilo. Nevada Gaming Control Board, bodi inayosimamia kasino za jimbo la Nevada huko Marekani, kwa mfano, hupokea mizozo ya wateja, ikiwemo ya zawadi za promosheni, na kwa mzozo wa dola 500 au zaidi ambao haujasuluhishwa kasino yenyewe inapaswa kuiarifu bodi. Promosheni iliyotangazwa kwa kanuni zilizoandikwa unaweza kuidai. Takrima ya hiari ambayo hakuna aliyekuahidi ni vigumu mno kuidai, na mkaguzi atakachotaka kuona kwanza ni kanuni za siku ile uliyocheza, kwa hiyo zihifadhi nakala yake kabla hazijabadilishwa.